Maswali ya kurithi yaliniangusha

Mara ya kwanza nilianguka. Nalisema mapema, usije ukadhani unashauriwa na mtu aliyezaliwa na bahati ya mitihani. Nilitoka kituoni nikakaa ndani ya gari, baridi ya Massachusetts inaniingia mifupani, karatasi ya matokeo mapajani. Nilichowaza ni namna ya kumwambia mama Likoni, ambaye alikuwa ameshawatangazia majirani.

Mtihani wenyewe ni ule wa ANCC, chombo cha Marekani kinachowapa manesi vyeti vya ubingwa; ni wa manesi waliosomea magonjwa ya akili hadi ngazi ya kupima mgonjwa na kumwandikia dawa hapa Marekani. Una maswali 175 kwa saa tatu na nusu. Kati ya hayo, 25 hayahesabiwi, wanayajaribu tu, ila huambiwi ni yapi. Alama ya kufaulu ni 350 kwenye kipimo kinachoishia 500. Ukianguka unasubiri siku 60, na ndani ya miezi 12 huruhusiwi zaidi ya mara tatu.

Mimi nilisoma faili la kurithi. Wenzangu wengi walikuwa nalo: kurasa na kurasa za maswali, limetoka simu hii hadi ile kwa WhatsApp, mwandishi wake hajulikani. Swali, majibu manne, herufi moja imepakwa njano. Nikalihifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu amma. (Tena, kabla ya mtihani unakubali kwamba hutatoa maswali nje. Nilivyokuja kulifikiria faili lile baadaye, niliona haya.)

Nilichokikuta kwenye skrini ni kingine. Chagua yote yanayofaa. Buruta dalili uziweke penye ugonjwa wake. Hapo hakuna herufi ya njano. Faili pia lilikuwa la kabla ya DSM-5-TR ya mwaka 2022, kitabu cha Marekani cha kutambua magonjwa ya akili, kwa hiyo halikutaja kabisa ugonjwa wa majonzi yasiyokwisha, ambao kwa mtu mzima huhesabiwa baada ya miezi 12 tangu msiba, na kwa mtoto miezi 6. Huo mimi niliupenda, kwa sababu kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa unatakiwa uulize kwao huombolezaje. Mtu aliyekulia kwenye matanga na eda haambiwi mara mbili.

Mara ya pili nilifuta faili. Mdogo wangu ni afisa wa kliniki huko Kilifi, na hana huruma hata kidogo. Kila siku nikawa namtumia sauti, namweleza mgonjwa mmoja kwa Kiswahili. Siku moja nikamletea mzee anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, miaka mingi: anatetemeka mikono, anaharisha, anapepesuka, na goti limemsumbua wiki nzima. Nikasema, kiwango cha dawa kwenye damu kimepanda, kimetoka nje ya mipaka salama ya 0.6 hadi 1.2.

Akajibu, "Kimepandaje, dada, na dozi ni ile ile?"

Nikanyamaza. Nilijua jibu, sababu sikuijua. Ilinibidi nirudi kwenye figo. Lithiamu hutolewa na figo. Mzee amekuwa akimeza ibuprofeni kwa ajili ya goti, nayo hupunguza damu inayofika kwenye figo, basi lithiamu inabaki mwilini. Akiharisha, anapoteza maji na chumvi. Figo zikianza kuing'ang'ania sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, huishika na lithiamu pamoja nayo. Ukishaelewa hivyo, swali la kuchagua yote halikutishi: ibuprofeni imo, dawa za presha za jamii ya thiazaidi zimo, jasho jingi limo, parasetamoli haimo. Kila chaguo nalichukua kama swali lake la ndiyo au hapana, wala siyalinganishi.

Klozapini, dawa ya skizofrenia inayoweza kushusha nutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi), ndiyo iliyonikera zaidi. Faili lilisema nutrofili zisipungue 1500 kwa mikrolita ya damu kabla ya kuanza dawa, basi. Kumbe watu wengi wenye asili ya Afrika wana nutrofili chache kwa maumbile na hawaumwi chochote, na kwao huanzia 1000. Yaani mimi, Mswahili, nilikuwa nakariri kanuni ambayo ingemnyima dawa mtu wa kwetu.

Mengine ni madogo. Gawanya muda na utapata dakika moja na sekunde 12 kwa kila swali. Ya kuchagua yote hula zaidi, kwa hiyo usibembelezane na lile ambalo hulijui. Usijidanganye kusoma saa kumi alfajiri ukiwa zamu ya usiku, hakuna kinachoingia. Mimi nilitenga siku mbili za mapumziko kila wiki. Na sisi wenye majina matatu, hakikisha jina la kwenye kitambulisho ni lile lile ulilojiandikishia. Pasipoti ya Kenya inasema hivi, leseni ya gari inasema vile, na pale mlangoni hakuna wa kumweleza kwamba la tatu ni la babu.

Safari hii nilipompigia mama, akauliza nimepata ngapi. Nikamwambia ukifaulu hawakupi alama, wanakwambia umefaulu tu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimpe simu mume wangu.