Mzabibu Mmoja Uliosalimika na Ubwiriunga: Je, Una Jeni za Kujikinga?

Swali: Mimi ni mkulima wa zabibu Hombolo, mkoani Dodoma. Katika shamba langu la Chenin Blanc kuna mzabibu mmoja ambao msimu uliopita haukupata ubwiriunga, ilhali jirani zake wote walikuwa na unga mweupe kwenye majani na vichala. Nimesikia kwamba ipo mizabibu yenye jeni za kujikinga na magonjwa na wadudu. Je, nikizalisha miche kutokana na mzabibu huo, kwa mbegu au kwa vipando, nitaweza kuacha kupuliza salfa?

Jibu: Ndugu mkulima, salfa usiiache kwa sasa, lakini mzabibu huo utie alama na uutunze, kwa sababu unastahili kuchunguzwa.

Chenin Blanc ni ya spishi ya Vitis vinifera, ambayo asili yake ni Ulaya na Asia, wakati kuvu inayosababisha ubwiriunga wa zabibu, Erysiphe necator, asili yake ni Amerika Kaskazini na ilionekana Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 1845, nchini Uingereza. Kwa maelfu ya miaka mizabibu ya Ulaya haikukutana na kuvu hiyo, na kwa hiyo karibu aina zake zote hazina kinga ya urithi dhidi yake. Kuna tofauti chache, kama Kishmish vatkana ya Uzbekistan, yenye jeni iitwayo Ren1 katika kromosomu ya 13, lakini Chenin Blanc haimo katika orodha hiyo. Ndiyo maana, kabla ya kudhani kwamba mzabibu wako umejipatia kinga mpya, ninashuku mambo mawili ya kawaida zaidi. La kwanza ni kwamba kipando cha aina nyingine kilichanganyika na miche yako tangu mwanzo. La pili ni muda wa kupogolea: punje za zabibu hushambuliwa kwa urahisi tangu maua hadi wiki tatu au nne baada ya punje kutunga, kisha zenyewe hukomaa na kuwa ngumu kwa kuvu hiyo, na majani yaliyokomaa nayo hushambuliwa kidogo kuliko machanga. Mzabibu uliopogolewa mapema kuliko wenzake unaweza kuwa umeshavuka kipindi hicho cha hatari ugonjwa unapopamba moto, na hilo halirithiwi.

Kinga ya kweli ya urithi hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Jeni iliyochunguzwa sana ni Run1, iliyomo katika kromosomu ya 12 na iliyotokana na mzabibu mwitu wa kusini-mashariki mwa Marekani, Muscadinia rotundifolia. Jeni hiyo huelekeza utengenezaji wa protini inayokaa ndani ya seli ikingoja dalili za adui. Kuvu inapopenya ngozi ya jani na kuingiza kinyonyeo chake ndani ya seli, hutoa protini zake za kuilegeza seli hiyo. Protini ya Run1 huzitambua dalili hizo, na seli iliyovamiwa hujiua yenyewe, na kwa kuwa ubwiriunga hula kwenye seli hai tu, kuvu hufa njaa kabla ya kuenea. Sambamba na hilo mzabibu huzalisha kemikali za kujilinda, mojawapo ikiwa resveratroli, na jeni zinazohusika na utengenezaji wake ni familia kubwa ya makumi kadhaa ndani ya mzabibu mmoja. Chenin Blanc pia inazo jeni hizi za kemikali. Inachokosa ni ule utambuzi wa mapema, hivyo kemikali huja zikiwa zimechelewa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote: jeni ya utambuzi humtambua adui mmoja. Run1 inazuia ubwiriunga, lakini haifanyi lolote dhidi ya ubwirivinyoya, ambao husababishwa na kimelea kingine, Plasmopara viticola. Kinga dhidi ya huo hutoka kwa jeni jirani, Rpv1, iliyo sehemu hiyohiyo ya kromosomu ya 12. Hata ubwiriunga wa mikorosho kule Mtwara husababishwa na kuvu ya spishi nyingine. Kwa hiyo mtu akikuuzia miche “isiyougua”, muulize haiugui ugonjwa gani.

Adui naye hubadilika. Aina ya Bianca kutoka Hungaria ina jeni ya Rpv3 dhidi ya ubwirivinyoya, na mwaka 2010 watafiti waliripoti kimelea kilichokwisha kuishinda kinga hiyo. Kwa sababu hiyo aina mpya za Ufaransa zilizosajiliwa mwaka 2018, zikiwemo Artaban na Floreal, ziliunganishiwa zaidi ya jeni moja kwa kila ugonjwa, ili kimelea kilazimike kushinda vizuizi viwili kwa pamoja. Kwetu Dodoma naliona hilo kuwa la lazima zaidi. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, hatuna baridi kali inayoangusha majani yote kwa miezi kadhaa, na ubwiriunga hauhitaji jani lililolowa ili kuota, hivyo kuvu hupata majani machanga karibu mwaka mzima na nafasi nyingi za kubadilika.

Kuhusu wadudu, kinga ya urithi mara nyingi iko katika umbile lenyewe. Mizabibu kadhaa, hasa Vitis riparia ya Amerika Kaskazini, ina vishungi vidogo vya nywele katika maungio ya mishipa ya majani, chini ya jani, ambamo hujificha utitiri rafiki wanaokula utitiri waharibifu na kuvu. Majaribio ya Marekani yalionyesha kwamba vijumba hivyo vikizibwa, ubwiriunga huongezeka. Kupuliza salfa nyingi kuliko inavyohitajika, au viuatilifu vinavyoua kila mdudu, huwaangamiza walinzi hao pia. Kwa wadudu wa mizizini, kama filoksera, spishi za Marekani hutumika kama shina la chini la kubebeshea. Lakini ukinzani huo unabaki mizizini, haupandi kwenye majani ya kikonyo kilichobebeshwa.

Sasa, mbegu au vipando? Kwa mbegu hutapata Chenin Blanc tena. Mzabibu hubeba nakala mbili zinazotofautiana za jeni zake nyingi, na kila mche wa mbegu huzichanganya upya. Hata kama mzabibu wako una jeni moja yenye nguvu ya kinga, ikiwa katika nakala moja tu, sehemu tu ya miche ndiyo itakayoirithi, huku ladha, sukari na mavuno ya yote yakibadilika. Kipando hutunza jeni zote kama zilivyo, lakini hubeba pia virusi vilivyomo katika mzabibu mama, hata pale ambapo kwa macho unaonekana mzima.

Chukua vipando vichache, uvipande sehemu mbalimbali katikati ya mizabibu inayougua, uvipogolee siku moja na majirani zake, na usivipulizie kitu kwa misimu miwili. Tazama majani machanga na vichala vichanga. Vikibaki safi kila mahali, peleka matawi yenye majani na kichala kimoja katika kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, pamoja na maelezo ya tarehe za kupogolea, ili kwanza waitambue aina yenyewe.