Usisugue beji za zamani za jeshi, zigeuze kwanza

Mkuu, umeuliza beji zako tatu ni za enzi gani, na kama uzisugue kwanza ndipo zisomeke. Usizisugue kabisa! Dawa ya kung'arisha shaba inakula kingo za maandishi na kuondoa weusi uliotulia ndani ya mchoro, nao weusi huo ni ushahidi wa umri. Vumbi litoe kwa brashi laini, inatosha.

Ile ya kofia ya Uingereza, anza na taji. Matao yaliyopanda yakawa mviringo juu ni ya wafalme, kuanzia 1901 hadi kifo cha George VI mwaka 1952. Yakibonyea katikati ni ya Elizabeth II, au ya Victoria kabla ya 1901, na hapo wengi hupotea. Ikiwa ni alumini nyepesi yenye rangi ya dhahabu, hiyo ni ya Elizabeth. Charles III naye amerudisha taji la mviringo, kwa hiyo taji peke yake lisikupe uhakika.

Sasa igeuze. Beji nyingi za kofia ziligongwa kwenye bamba, hivyo mchoro wa mbele huonekana kinyume nyuma. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu: kingo butu, vitundu vidogo vidogo, nyuma bapa. Zinazonisumbua zaidi ni zilizogongwa upya kwa mihuri ileile ya zamani, kwa sababu mbele hazina kasoro. Hizo nazichunguza kile kibamba cha kuchomeka kofiani: lehemu yake ikoje, na je, kimechakaa kwa kuvaliwa?

Pini ya Marekani haina mengi. Vimisumari viwili vyenye vifuniko vya kubana vilienea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kabla ya hapo sindano ya kulala ndiyo ilikuwa ya kawaida. Neno STERLING maana yake ni fedha halisi.

Ile ya duara ya fedha, yenye maandishi FOR KING AND EMPIRE na SERVICES RENDERED, itunze sana. Ilianza kutolewa Septemba 1916 kwa walioachishwa jeshi la Uingereza kwa majeraha au maradhi tangu Vita Kuu ya Kwanza vianze Agosti 1914. Waliivaa kwenye nguo za kiraia, kifuani kulia, kwa kuwa kijana asiye na sare alidhalilishwa barabarani akidhaniwa mwoga. Zilitolewa zaidi ya milioni moja, lakini kila moja ina namba yake nyuma. Si namba ya askari, wengi huzichanganya. Ni ya beji, na orodha zake zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, zikiwa na jina, kikosi, tarehe ya kujiunga na ya kuachishwa. Yaani mwenyewe anaweza kujulikana!

Piga picha ya nyuma, mwanga utokee ubavuni, na utuandikie namba hiyo pamoja na herufi iliyotangulia kama ipo. Nitakusaidia kumtafuta.