Ndege ndogo kwenye uwanja wa wakubwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina leseni ya urubani binafsi na nimezoea viwanja vidogo visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Sasa nataka kumpeleka mama jijini kwa ndege ndogo aina ya Cessna 172, kwenye uwanja ambako ndege za abiria zinafuatana kutua. Naogopa redio: waongozaji ndege huongea haraka, nami sitaki kuwachelewesha watu. Nijiandae vipi?
Rubani mpya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza piga simu uwanjani, maana viwanja vingi vikubwa havipokei ndege ndogo bila kibali na saa uliyopangiwa. Ukiwa bado mbali, sikiliza tangazo lao lililorekodiwa la upepo, mgandamizo wa hewa na njia ya kurukia na kutua inayotumika. Kila toleo lina herufi yake, itaje unapoita. Redio ni hayo tu: wewe nani, uko wapi, unataka nini. Kisha rudia ulichoambiwa.

Mimi ningekutaka uogope zaidi hewa iliyoachwa na ndege kubwa. Kila bawa linalobeba uzito huacha kisulisuli nyuma yake, na ndege nzito inayokwenda polepole ndiyo huacha kikali kuliko zote. Visulisuli hivyo havionekani. Hushuka taratibu nyuma ya ndege na vinaweza kukupindua ukiwa karibu na ardhi, pasipo nafasi ya kujinyoosha. Kwa hiyo kaa juu zaidi ya mkondo wa hewani aliopitia mkubwa akishuka, na magurudumu yako yaguse ukishapita pale alipogusia yeye. Njia ni ndefu, inakutosha. Upepo mwepesi wa pembeni usikudanganye, unaweza kukishikilia kisulisuli kimoja palepale juu ya njia.

Kanuni za kimataifa huweka maili 6 za baharini kati ya ndege nyepesi na ndege nzito, ya tani 136 au zaidi, iliyo mbele yake. Lakini ukisema unaiona na ukakubali kuifuata kwa macho, nafasi hiyo imekuwa mzigo wako. Usikubali kwa heshima au haya.

Vivyo hivyo kwa kasi. Wewe hukaribia kutua kwa takriban kilomita 120 kwa saa, jeti inakuja nyuma kwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na mnara utakuomba ukaze mwendo. Kaza ukiweza. Usipoweza, jibu "siwezi". Mwongozaji atakupangia upya, ndiyo kazi yake, na anapenda kulisikia neno hilo mapema kuliko kuliona kwa macho.

Ukishatua bado hujamaliza. Tarehe 8 Oktoba 2001, kwenye uwanja wa Linate, Milan, Italia, jeti ndogo ya Cessna ilikosea njia ndani ya ukungu mzito, ikaingia mbele ya ndege ya abiria ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, iliyokuwa ikikimbia kupaa. Watu 118 walikufa. Alama za uwanja zilikuwa na kasoro na rada ya ardhini haikuwapo kazini, lakini nakusimulia hili kwa sababu kupotea chini ni rahisi hata kwa marubani wenye uzoefu. Chapisha ramani ya uwanja, iweke pajani. Usivuke mstari wa kusubiri, uliochorwa kabla ya njia ya kurukia, bila ruhusa uliyoisikia wazi na kuirudia. Ukiwa na shaka kabla ya mstari huo, simama, sema hujui ulipo, omba uongozwe hatua kwa hatua au uletewe gari la kufuata.