"Mama, na Sisi Tuna Siku Ngapi?"

Juzi usiku, nikiwa nimeshaweka simu chaji, uliingia ujumbe wa mama mmoja wa Kondoa. Binti yake yuko darasa la tano, kusoma anajua vizuri, ila kitabu hakigusi mpaka asimamiwe. Amemnunulia vitabu vitatu vya hadithi na vyote vimelala kabatini. Akamalizia hivi: "Dada, wewe wanao unawafanyaje?"

Nilitaka nimjibu mistari miwili nilale. Nikashindwa, kwa sababu jibu lenyewe linapita katikati ya mwaka mgumu wa nyumba yangu, na sijawahi kuusimulia hapa. Basi dada yangu wa Kondoa, na wazazi wote mnaotamani kama mimi watoto wapende kusoma, jibu langu ni hili. Ni refu.

Nilianza vibaya. Binti yangu alipoingia darasa la nne nilikuwa mtahini wake. Kila hadithi niliyompa niliifuatishia maswali. Mhusika mkuu ni nani? Hadithi hii inatufundisha nini? Taja maneno matano mapya. Nilimtengea na daftari lake, lenye jalada la kaki, nikawa nasahihisha kwa peni nyekundu kila Jumamosi baada ya kufua. Nilijiona mzazi wa mfano. Mtihani wa taifa wa upimaji ulipopita na alama zikawa nzuri, nikajipongeza. Miezi miwili baadaye nafagia jikoni nikalikuta lile daftari nyuma ya ndoo ya unga, limekunjwa mara mbili. Tangu mtihani uishe hakuwa amefungua kitabu chochote cha hadithi. Nilimgombeza, na mpaka leo nikikumbuka uso wake siku ile naumia.

Desemba ya mwaka juzi dada yangu anayeishi Nairobi alikuja likizo na riwaya mbili za Kiingereza, zile za watoto wa miaka 8 hadi 12 hivi, watoto wa darasa la tatu mpaka la saba. Zote mbili ni visa vya familia. Hamna majini wala wapelelezi. Ni ndugu wanaolala chumba kimoja, wanagombana, wanapatana, wanasikiliza wakubwa wakiongea chini chini. Nikazisoma mimi kwanza. Ya kwanza niliimaliza kwa siku mbili, na mchana nikaenda nayo kazini. Mwenzangu mmoja akakichukua kile kitabu mezani, akatazama jalada lenye picha za watoto, akasema mbele ya watu, "Mtu mzima na digrii yako unasoma vya watoto?" Wakacheka wote. Sikumjibu. Ningemjibu leo ningemwambia kwamba tangu nimalize shule hakuna kitabu kilichowahi kunifanya nimpigie mama yangu simu Mpwapwa saa nne usiku kumuuliza anaendeleaje. Kile kilinifanya.

Januari ile ile mwenye nyumba akapiga simu. Tulikuwa tumepanga Nkuhungu, hapa Dodoma, miaka sita, mdogo wa binti yangu ameanzia kutembea pale. Akatupa miezi mitatu tumwachie nyumba yake. Wanaoishi Dodoma wanajua kodi zimekwenda wapi tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia huku kikamilifu, na kutafuta nyumba ya familia huku unadaiwa kodi ya miezi sita mkupuo si jambo la wiki moja. Mimi na mume wangu tukakubaliana watoto wasijue mpaka tupate pa kwenda. Tukawa tunaongea usiku, na wakiwepo tunaongea lugha ya Kigogo, maana wanetu Kigogo wanakisikia cha salamu tu.

Kusoma kwa sauti kulianza kwa bahati. Umeme wa LUKU uliisha usiku wa mvua, simu haina chaji, watoto wamechoka kukaa gizani. Nikawasha taa ya sola, nikachukua ile riwaya, nikaanza kusoma. Kimeandikwa Kiingereza, mimi nasoma kwa Kiswahili papo hapo, sentensi baada ya sentensi. Mvua ikipiga bati sana tunanyamaza wote, ikipungua naendelea. Siku ya tatu binti yangu akawa anakaa bega kwa bega nami, anafuata mistari kwa macho na kunisahihisha. "Mama, hapo hawajasema 'alikasirika', wamesema alibamiza mlango." Huyu huyu wa daftari la kaki.

Kitabu chenyewe ni The Vanderbeekers of 141st Street cha Karina Yan Glaser, kilichotoka mwaka 2017. Ndugu watano, wawili wa kwanza mapacha, wanaishi na wazazi wao Harlem, New York, katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba, Mzee Beiderman, anaishi ghorofa ya juu na hatoki nje. Christmas inakaribia, anawaambia hatawaongezea mkataba. Wana siku 11.

Mimi nilikuwa najua hilo linakuja. Nilipofika pale koo likanikauka, nikafanya ujanja wa kurukia aya ya mbele, wale watoto wakiwa kwenye mkutano wao.

"Mama, umeruka."

Ikabidi nirudi. Nikasoma: mkataba hautaongezwa, siku 11. Mdogo wake alikuwa amelala kwa tumbo mkekani, anachora vumbi kwa kidole. Binti yangu hakutazama kitabu tena. Alinitazama mimi. Akasema, "Mama, na sisi tuna siku ngapi?"

Nilifunga kitabu, chai ikamwagika. Nikauliza nani kamwambia. Akasema hakuna. "Mkiongea Kigogo hela mnazitaja kwa Kiswahili. Na baba anasema 'nyumba' kila saa."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Nilidhani atatoa amri wakalale. Akasema, "Arobaini na mbili." Akaja akaketi mkekani.

Usiku ule tuliongea mpaka saa tano. Mtoto alikuwa amebeba jambo lile peke yake wiki tatu, anakwenda nalo shule, anarudi nalo, na sisi tunajisifu tumemlinda. Wakataka kufanya kama watoto wa kitabuni, wamlainishe mwenye nyumba. Mdogo akapendekeza tumpelekee zabibu, binti akaandika barua. Tukaipeleka kweli. Haikubadilisha kitu, na niliwaambia wazi kwamba haikubadilisha kitu. Mwisho wa Machi tulihamia Nzuguni. Lakini wakati wa kufunga mizigo hakuna mtoto aliyeuliza kwa nini, na boksi la vitabu binti yangu alilipakata mwenyewe kwenye bajaji njia nzima.

Riwaya ya pili tuliisomea Nzuguni. Ni Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, ya mwaka 1976, iliyopata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, mwaka uliofuata. Ni familia ya Weusi huko Mississippi, Marekani, mwaka 1933. Wana ardhi yao wenyewe, na baba anakwenda kufanya kazi ya reli Louisiana ili ardhi isipotee. Kuna sura watoto wanagawiwa vitabu vya shule vilivyochakaa, vimeshatumiwa na wazungu miaka na miaka, na mdogo kuliko wote, anayependa usafi kupita kiasi, anakikataa chake. Anapoona ndani walivyoandikwa watoto wa rangi yake, anakitupa chini na kukikanyaga. Anachapwa. Mtoto huyo jina lake la nyumbani nililitafsiri "Bwana Mdogo", na tangu siku ile mwanangu wa kiume haitikii jina jingine.

Kitabu hicho kina mambo mazito, mzazi akisome kwanza. Watoto wa jirani walikuja kusikiliza. Baba yao kazi yake iko hapa, mama yao bado yuko Dar, na Dodoma ya leo familia za namna hiyo ni nyingi, hata baada ya treni ya SGR, ile reli ya kisasa ya kutoka Dar, kuanza kufika mwaka 2024 na kurahisisha safari za Ijumaa. Wale watoto swali lao lilikuwa moja kila jioni: baba wa kwenye kitabu anarudi lini?

Sasa ndugu zangu wazazi, niseme jambo bila kuzungusha. Tunawanunulia watoto vitabu kama tunavyonunua dawa ya minyoo. Tunataka kimuingie, kimsaidie mtihani, basi. Riwaya ya familia haifanyi kazi hivyo. Inataka nawe uwe ndani yake. Soma kwa sauti. Soma hata kama mtoto anajua kusoma mwenyewe, hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Na ukimaliza sura nyamaza; swali la kwanza litoke kwake. Acha kumtahini, narudia, acha. Mimi nilimtahini mwaka mzima nikapata daftari lililofichwa nyuma ya unga. Nilipoacha nikapata mtoto anayeniambia kinachomkosesha usingizi.

Mtasema vitabu hivyo ni vya Kiingereza na ni vya mbali. Ni kweli, na linaniuma. Kwa Kiswahili tuna vitabu vizuri vya wadogo kabisa, na Mradi wa Vitabu vya Watoto umefanya kazi kubwa tangu mwaka 1991. Ila mtoto akivuka darasa la tatu au la nne anataka kitabu kinene, chenye familia kama yake, na hapo mimi natafuta hata nachoka. Nafarijika kwamba Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu imeweka nyanja ya hadithi za watoto. Waandishi, tuandikieni familia ya Chamwino au Kongwa, yenye shamba la mtama na bibi mkali. Mpaka hapo, pita Maktaba ya Mkoa, azima, badilishana na jirani. Na ukikosa kabisa, simulia ya kwenu. Mama yangu alitulea kwa masimulizi ya njaa aliyoyapata kwa wazazi wake, na hakuwa na kitabu hata kimoja.

Yule mwenzangu wa kazini, kwa taarifa, mwezi uliopita aliniuliza taratibu kama nina kitabu kingine cha kumpa mwanawe. Nilimpa.

Dada wa Kondoa, hicho cha Vanderbeekers nakipakiza kwenye basi la kwenu Ijumaa asubuhi, namba ya kondakta nitakutumia. Kuna ukurasa una doa kubwa la chai, ndipo tuliposimama siku ile, lisikusumbue. Kaa nacho mpaka Pasaka ukitaka. Ila kirudi, maana Bwana Mdogo ameshaanza kukiulizia.