16S ikisema Streptomyces griseus haimaanishi una streptomisini mkononi

Mkuu umeuliza hivi: bakteria wako wa udongo anaua bakteria wa Staphylococcus kwenye sahani ya maabara, sikwensi (mpangilio wa herufi za DNA) ya jeni ya 16S imerudi inafanana 99.6% na Streptomyces griseus, je uandike kwenye ripoti kwamba anatoa antibayotiki ya streptomisini? Usiandike. Hawa wadudu nimekaa nao sana maabara na hilo swali linarudi kila msimu wa ripoti.

16S ni jeni ya ribosomu (kiwanda cha protini cha seli), herufi za DNA kama 1,500 hivi, haihusiki kabisa na kutengeneza dawa. Inakwambia tu ni wa ukoo gani, na kwa Streptomyces hata hapo inababaisha maana spishi tofauti unakuta 16S zao zinafanana karibu herufi kwa herufi, ndo maana watu wanaongeza jeni nyingine kama gyrB, rpoB, recA na wenzake. Halafu hata ndani ya spishi moja bidhaa zinatofautiana. Yupo griseus wa streptomisini, ile ya Schatz na Waksman ya 1943, na yupo griseus anayetoa kandisidini, ambayo inaua fangasi.

Kabla ya yote fungua kromatogramu, ile grafu ya mashine ya kusoma DNA ambayo kila herufi ni kilele, usitazame herufi tupu. Pale mwanzoni herufi kama 30 mpaka 50 vilele vinapandana hovyo, na ukishapita 800 hivi vinatanuka na kulala, kata kote kuwili. Katikati ukiona vilele viwili vimesimama sehemu moja, kama ni mahali pamoja au pawili usihangaike sana, Streptomyces kwa kawaida ana kopi 6 za 16S na si lazima zilingane zote, lakini ikiwa ni mstari mzima basi koloni yako si safi, rudi kwenye sahani ukachane upya (uwatandaze upate koloni moja moja safi). Na kama umesoma kwa praima (kipande cha DNA cha kuanzia kusoma) ya 27F peke yake hiyo 99.6% ni ya nusu jeni tu, soma na 1492R inayoanzia upande wa pili uunganishe.

(PCR, yaani kule kunakili jeni kabla ya kuisoma, ikigoma weka kemikali ya DMSO kidogo, asilimia 5 inatosha, herufi za G na C kwenye DNA ya hawa zinapita 70% na zinashikana sana.)

Swali lako lenyewe linajibiwa na jenomu nzima, yaani DNA yake yote. Unaipeleka kwenye programu ya antiSMASH, inakuonyesha vishada vya jeni zinazokaa jirani kutengeneza kitu kimoja. Hapo napo usishangilie mapema. S. coelicolor, Streptomyces mwingine, jenomu yake ilipotoka 2002 walikuta vishada zaidi ya 20 wakati alijulikana kwa antibayotiki chache tu, vingine vyote vimelala, kwa hiyo kishada kuwepo si ushahidi kwamba ndicho kinachoua kwenye sahani yako. Kutokuwepo ndo kuna nguvu: jenomu imeunganishwa vizuri na jeni za streptomisini hazimo, basi kinachoua si streptomisini. Hela ya jenomu hakuna? Piga PCR ya strB1, ni jeni ya njia ya streptomisini, si ushahidi kamili ila inakuondolea kubahatisha.

Kuthibitisha kabisa ni masi spektrometa, mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, au uizime jeni uone kama lile duara tupu ambalo Staphylococcus haioti kumzunguka bakteria wako linapotea.

Kwa sasa andika "Streptomyces sp., karibu na S. griseus, inazuia Staphylococcus, kemikali bado haijatambuliwa". Na weka faili la kromatogramu hapa tulione.