Kaa na fundi kabla hujampeleka mwanachuo gereji

Vyuo vingi vya ufundi hapa Tanzania hutafuta nafasi za mafunzo kazini kwa barua. Barua inafika kwa meneja, meneja anasaini, na Jumatatu kijana anatokea gereji na ovaroli mpya. Fundi atakayemfundisha hajaambiwa chochote. Hajui kijana ameshasoma nini wala anatakiwa aondoke na ujuzi gani, na asubuhi hiyo ana magari matatu ya wateja. Atampa ufagio, kisha atamtuma chai. Wiki nane zikiisha hivyo, chuo kitalalamika kwamba waajiri hawatoi ushirikiano, mwajiri naye atasema vijana wa siku hizi hawajui kitu. Anayeumia ni kijana.

Kwa hiyo ukishapata ruhusa ya meneja, mtu wa kukaa naye ni fundi. Mratibu na mwalimu wa fani waende pamoja, wakiepuka Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo kila mteja anataka gari lake. Waulize mambo matatu: kila siku wapo mafundi wazoefu wangapi, kazi gani huingia kila wiki, na vifaa gani vipo na vinafanya kazi. Majibu hayo ndiyo yatoe idadi ya nafasi. Kwetu fundi mmoja hufundisha wanachuo wawili, wasizidi. Wakiwa wanne, wawili watafanya kazi na wawili watashika tochi.

Sasa tengenezeni orodha ya kazi, na hapa msiwe na haraka. Upande mmoja wa karatasi andika moduli za mtaala, upande wa pili fundi ataje kazi zinazoingia kweli. Sevisi, breki, klachi, shokapu na bushi haziishi. Kufumua injini nzima kunaweza kusitokee kabisa katika miezi miwili, hivyo kubaki karakana ya chuo. Kisichopo chuoni, kama mashine ya kusomea hitilafu za magari ya kisasa, kifundishwe gereji. Bila karatasi hii kijana atajifunza kazi itakayotokea tu, na akirudi chuoni mwalimu hatajua pa kuanzia.

Kila kazi ipewe ngazi tatu: anatazama, anafanya akisimamiwa, anafanya mwenyewe na fundi anakagua. Chukua breki. Wiki ya kwanza kijana anatazama na kutaja sehemu: pedi, diski, kalipa, mpira wa mafuta ya breki. Wiki ya pili anafungua tairi, anapima unene wa pedi na kuandika; iliyobaki milimita 3 au pungufu inabadilishwa. Wiki ya nne anabadilisha pedi mwenyewe, na fundi anakagua kabla tairi halijarudi. Kutoa hewa kwenye mfumo wa breki na kujaribu gari barabarani kubaki kwa fundi awamu yote ya kwanza. Hewa ikibaki kwenye mfumo, pedeli inazama, na mteja anaweza kuligundua hilo akiwa kwenye mteremko.

Ratiba ifuate msimu wa mwajiri. Hoteli za Zanzibar na Arusha hupungukiwa wageni Aprili na Mei, wakati wa masika, na nyingine hufunga kabisa. Mwanachuo wa mapokezi au jikoni akipelekwa miezi hiyo hatakuta kazi. Akipelekwa Julai, katikati ya msimu, hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha. Mwanzoni mwa Juni, wafanyakazi wakirudi na kuanza kujipanga, ndio wakati mzuri.

Makubaliano ya maandishi yasizidi kurasa mbili, lakini yataje tarehe, saa za kazi, jina la fundi msimamizi, nani ananunua ovaroli na viatu vya usalama, na nani anagharimia nauli na chakula cha mchana. Hesabu nauli kamili: anayebadilisha daladala mara moja hulipa nauli nne kwa siku. Pesa hiyo isipokuwa na mwenyewe, utoro huanza wiki ya pili, na wengi hudhani ni uvivu. Andikeni pia nani anabeba hasara kijana akiharibu kitu cha mteja. Boliti ya sampu ikikazwa kupita kiasi nyuzi hukatika, na ugomvi wa kitu kidogo hivyo huua ushirikiano wa miaka. Sisi tunashauri kosa lililofanyika chini ya usimamizi lisilipwe na mwanachuo. Kuhusu ajali na matibabu, pata jibu la maandishi la mwajiri kabla ya siku ya kwanza. Na aliye chini ya miaka 18 asiguse kazi ya hatari kabla hujajiridhisha kwamba sheria ya kazi inairuhusu kama sehemu ya mafunzo yake.

Kwa wasichana, kagua kwa macho yako choo na mahali pa kubadilishia nguo. Mpe kila mmoja namba ya mwalimu wa kike wa kumpigia bila kupitia kwa msimamizi wake. Akitoa taarifa ya kusumbuliwa, mwondoe siku hiyo hiyo, mtafutie nafasi nyingine, kisha uchunguzi uendelee. Usimwache pale eti mpaka ushahidi upatikane.

Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi watakwambia tayari wanalipa SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi. Ni kweli, na sehemu ya tozo hiyo huiendesha VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Waambie basi kwamba orodha ya kazi ndiyo njia yao ya kuamua mafunzo wanayoyachangia yafanane na kazi zao.

Ujerumani, ambako chuo na kiwanda hulea mwanagenzi pamoja, anayebeba dhamana ya kumfundisha kazini kwa kawaida hufanya kwanza mtihani wa kufundisha. Sisi tuanze na siku mbili za mafundi chuoni kabla vijana hawajafika. Wafanye zoezi la hatua nne: eleza kazi, ionyeshe, kijana aifanye huku akieleza, kisha airudie peke yake. Fundi hodari mara nyingi huruka ya kwanza na ya tatu, maana mikono yake imeshazoea.

Daftari la kazi liwe la kuweka tiki, kwa sababu fundi mwenye mafuta mikononi hataandika aya. Lisainiwe kila Ijumaa. Ukikuta wiki nane zote zina wino mmoja na mwandiko mmoja, lilijazwa siku ya mwisho. Mwalimu afike ndani ya siku tatu za mwanzo, halafu kila wiki mbili, na nauli yake iwe kwenye bajeti, simu haitoshi. Akifika, achague kazi moja yenye tiki na amwombe kijana aifanye mbele yake.

Fundi naye apate kitu. Mafundi wengi wa mtaani wana ujuzi wa miaka mingi bila cheti, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa anachokijua na akifaulu hupewa cheti. Mratibu amletee fomu, amsaidie kuijaza, na amtafutie nafasi ya kupimwa.