Kuchaji boda za umeme kwa sola mahali stima haijafika, leseni inahitajika?

Ndugu, umeuliza kama ukiweka sola kijijini kwenu Turkana kuchaji boda zako tatu utasumbuliwa na serikali. Hapana, kama ni za kwako tu. Sheria ya Nishati ya 2019 inasema umeme wa matumizi yako mwenyewe usiozidi megawati 1 hauhitaji leseni, na wewe hata kilowati 3 hufikishi. Shida inaanza siku jirani anakuja na betri yake na unamchaji pesa, hapo ushakuwa muuzaji, kwa hivyo ongea na EPRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia nishati, mapema kabla hujafungua biashara, wana miongozo ya vituo vya kuchaji na kubadilisha betri tangu 2023.

Ile bei nafuu ya stima ya kuchaji magari ya umeme usiihesabu kabisa, hiyo ni ya wateja wa Kenya Power, wewe uko nje ya gridi.

Fundi lazima awe na leseni ya sola ya EPRA, muombe aonyeshe, hapa usinyamaze tafadhali. Mimi nilichukua wa bei rahisi, akaunga waya nyembamba, nikipeleka mkono kwenye plagi inachoma.

Hesabu: betri ya volti 72 na Ah 40 inakula kama yuniti 3, tatu ni 9, paneli sita za wati 450 zinatosha ukichaji mchana na ukipangusa vumbi kila asubuhi, huko kwenu vumbi ni jingi sana.